Anakoroma, Nasi Tumelala

"Mwacheni apumzike. Si mnasikia anavyokoroma?"

Kauli hiyo umewahi kuisikia. Pengine umeitoa mwenyewe. Mtu kameza vidonge vya usingizi kupita kiasi, anaitwa haitiki, anatikiswa haamki, nasi tumemzunguka kitandani tunapeana moyo. Anakoroma, basi yu hai. Yu hai, basi usingizi utamwisha. Mwingine hata anazima taa ili mgonjwa asisumbuliwe.

Ndugu yangu, mkoromo ule unakudanganya. Ulimi umelegea, umerudi nyuma, umeziba koo, na unachokisikia ni hewa inayogombania upenyo. Ukikoma ghafla usiseme ametulia. Weka sikio puani kwake, kama bado hujachelewa.

Nimechoka kuliandika jambo hili kwa adabu. Kila msiba wa aina hii, nikiuliza mambo yalivyokwenda, nasimuliwa habari za vidonge: vilikuwa vya rangi gani, alivipata wapi, nani alimuuzia. Hakuna anayenieleza alilazwaje. Chali au ubavu? Nani alikuwa anahesabu pumzi zake? Hapo wote wanatazama chini.

Tuelewane kwanza kinachoua. Dawa za usingizi, iwe fenobabitoni ya mwenye kifafa au diazepamu ya mwenye wasiwasi, zinaufifisha ubongo. Ubongo ukizama sana unasahau kukohoa, unasahau kumeza, na mwishowe unasahau kuuamuru mwili uvute pumzi. Matapishi yakipanda hakuna wa kuyazuia, yanateremka mapafuni. Presha inashuka. Mwili unapoa. Pombe ikiwamo, mambo yanakwenda mbio zaidi. Dawa yenyewe ingetoka taratibu, maana ini na figo hazikulala, ziko kazini. Tatizo ni kwamba zinahitaji muda, na asiyepumua hana muda.

Mwaka 1975, huko New Jersey nchini Marekani, msichana wa miaka 21 aitwaye Karen Ann Quinlan alizirai baada ya kunywa pombe na kumeza dawa za kutuliza. Inakadiriwa pumzi ilimkatika mara mbili, kila mara kwa robo saa hivi. Hakuzinduka tena. Wazazi wake walikwenda mahakamani kuomba mashine ya kupumulia iondolewe, kesi ikavuma duniani kote, naye akaendelea kuishi bila fahamu mpaka 1985. Wanasheria na viongozi wa dini wakabishana miaka mingi juu ya haki ya kufa. Mimi nimebaki na zile robo saa mbili. Hizo ndizo zilizomharibu ubongo. Angekuwapo mtu wa kumpumulia katika dakika zile, huenda jina lake tusingelijua kabisa.

Sasa njoo nyumbani kwetu. Tunafanya nini?

Maziwa!

Mtu hawezi kumeza mate yake mwenyewe, sisi tunambandua meno kwa kijiko tunammiminia maziwa. Aliyekosa maziwa anakimbilia mawese, mayai mabichi, maji ya chumvi. Shangazi anamtia vidole kooni atapike. Kijana mwenye nguvu anamzaba makofi. Jirani anatokea na ndoo ya maji baridi na kuumwagia mwili ambao tayari umepoa. Na wote wanafanya hivyo kwa mapenzi, hilo ndilo linaloniumiza.

Yale maziwa yanakwenda wapi? Umewahi kujiuliza? Asiye na fahamu hana mlinzi kooni. Maziwa yanapita njia ya hewa. Mgonjwa tuliyemkuta na shida moja tumemwongezea ya pili, na hii ya pili, nimonia, ndiyo itakayomzika. Halafu tunakaa msibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu haina. Yetu je?

Alichohitaji hakiuzwi dukani. Mlaze ubavu. Mkono wa chini uelekeze mbele yake, wa juu uingize kiganja chini ya shavu, goti la juu likunje ili asibingirike kifudifudi. Kichwa kirudishe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini, ili chochote kitakachotoka kimwagikie godoro. Mfunike. Kusanya pakiti za dawa na vidonge vilivyobaki uende navyo. Asibaki peke yake hata dakika moja. Tafuta gari, alale ubavu hivyohivyo mpaka hospitali, badala ya kubanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda huku shingo inaning'inia kila mnapovuka tuta.

Mkifika hospitali, hapo ndipo hasira yangu inapopanda.

"PF3 iko wapi?"

Mtanzania gani haijui fomu hiyo ya polisi? Mara ngapi tumesikia viongozi wakisema mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, karatasi zifuate? Lakini saa saba usiku, pale dirishani, kauli ya waziri haipo. Yupo mtu mwenye usingizi na rejista. Jirani zetu wa Kenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010, kifungu cha 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kuandika ni jambo moja. Kufunguliwa mlango saa saba usiku ni jambo jingine.

Na sheria yenyewe inatugeuza waongo. Kanuni yetu ya Adhabu bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kwa hiyo familia inafika na hadithi yake tayari: ameanguka bafuni, malaria imempanda kichwani, ana mashetani ya ukoo. Pakiti za dawa zimetupwa chooni. Daktari anahangaika na malaria huku saa zinakwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, lakini hapa anayeficha ni mzima na anayekufa ni mwingine. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Sisi tunangoja nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Isitoshe, nani kakwambia kila aliyelala hivyo alitaka kufa? Yupo mtoto aliyefungua mkoba wa bibi. Yupo mzee aliyesahau kwamba ameshameza, akameza tena. Yupo abiria wa basi la mkoani aliyekaribishwa juisi na jirani yake wa siti, akashushwa stendi hajitambui, begi na simu havipo. Nairobi wangesema kawekewa mchele. Wote hao wanahitaji huduma ileile, na kila mmoja wao atasubiri karatasi ileile.

Ulaya nayo iliwahi kuwa gizani katika jambo hili, na inafaa tuicheke kidogo kabla hatujajicheka wenyewe.

Mpaka miaka ya 1940 madaktari wake wengi waliamini dawa ya moto ni moto. Mtu kalala? Mchome sindano ya kumwamsha! Wakatumia striknini, ambayo ni sumu yenyewe. Wakatumia pikrotoksini, nikethamidi, amfetamini. Wagonjwa wakatetemeka, wakashikwa na degedege, mioyo ikaenda mbio, wakafumbua macho kidogo, wakazama tena, wakafa. Katika jiji la Copenhagen, Denmark, walikuwa wanakufa wapatao 20 katika kila 100.

Mwaka 1949, katika hospitali ya Bispebjerg jijini humo, ukaanza utaratibu mwingine. Majina ya kukumbuka ni mawili: Carl Clemmesen, daktari wa magonjwa ya akili, na Eric Nilsson, daktari wa usingizi kutoka Sweden. Wagonjwa wote wa namna hii wakakusanywa kwenye kituo kimoja. Sindano za kuamsha zikatupwa. Hata kuwasafisha tumbo kwa mrija kukaachwa, maana kwa mtu asiye na fahamu mrija ule unaweza kuyapandisha ya tumboni na kuyamwaga mapafuni.

Wakafanya nini badala yake? Wakafanya anachokifanya daktari wa usingizi kila siku chumba cha upasuaji, ambako watu walikuwa wanalazwa kwa dawa za ukoo uleule na kuamka salama. Walilinda njia ya hewa. Walifyonza makohozi. Walitoa oksijeni, na aliyeshindwa kupumua wakampumulia. Presha ikianguka waliinyanyua kwa maji ya mshipani. Walimgeuza mgonjwa upande huu na upande ule, usiku na mchana. Walipima, wakaandika, wakapima tena. Kisha wakasubiri ini na figo zimalize kazi yao.

Vifo vikashuka hadi 1 au 2 katika kila 100.

Soma tena. Kutoka 20 hadi 2, bila kugundua dawa mpya hata moja. Kwa kuacha dawa!

Mji huohuo, 1952, ulivamiwa na polio iliyowapoozesha watu misuli ya kupumua. Mashine zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo na wapumuliwe kwa mfuko wa mpira, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana kuukamua kwa mikono, zamu kwa zamu, kwa miezi. Mwishoni mwa 1953 Ibsen akaanzisha wodi inayotajwa kuwa ya kwanza duniani ya wagonjwa mahututi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wale hata koleo hawakuwa nalo.

Miaka zaidi ya 70 imepita. Sisi tuko wapi?

Niliingia wodi moja, hospitali siitaji. Kijana kalala chali. Chini ya kichwa kawekewa mto mnene, kidevu kimegusa kifua, koo limekunjika. Dripu inadondoka vizuri, imefungwa plasta safi. Nikaivuta chati. Kwenye safu ya kupumua imeandikwa 20. Mstari wa juu yake, 20. Jana yake, 20. Nikapepesa macho kitanda cha jirani: 20. Wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika! Mwenye kuvunjika mguu 20, mwenye pumu 20, na kijana huyu ambaye nilimwangalia mwenyewe kifua kikipanda kwa kujikokota, naye 20. Hakuna aliyehesabu. Mama yake, ambaye angeweza kuhesabu hata kwa kunong'ona, alikuwa nje ya geti. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha.

Simtupii lawama zote muuguzi wa zamu. Alikuwa mmoja, na wodi ilikuwa imejaa hadi sakafuni. Ninamuuliza aliyepanga zamu ile, na aliyempangia bajeti aliyepanga zamu.

Nawe ndugu wa mgonjwa usinitazame hivyo. Dripu ikining'inia unaridhika. Unapiga picha unatuma kwenye kundi la familia: "Ameshatundikiwa maji, tuzidi kuomba." Lakini mgonjwa akigeuzwa, akafutwa mdomo, akahesabiwa pumzi, unanung'unika kwamba tangu asubuhi hajapewa dawa. Umefundishwa kuthamini kinachoonekana kwenye chupa. Umelala, na waliolala wanatawaliwa kirahisi.

Unadhani nakuza mambo? Mwaka 2025 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika, hospitali 180, wagonjwa karibu 20,000. Mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Karibu saba katika kumi ya mahututi hao hawakuwa ICU, walikuwa wodi za kawaida, kama ile niliyoingia. Mmoja kati ya watano wao alikuwa amekufa ndani ya wiki moja. Na wale ambao fahamu zilikuwa zimezama kiasi cha kuhatarisha pumzi? Wengi hawakuwa wamelindwa njia ya hewa, wala hata kulazwa ubavu.

Hata kulazwa ubavu!

Kumlaza mtu ubavu hakuhitaji umeme. Hakuhitaji mfadhili. Hakuhitaji kikao cha Bunge wala mkopo wa benki. Kunahitaji mikono miwili na mtu aliyefundishwa. Bado wengi wameachwa chali wapambane na ulimi wao.

Msinijibu kwamba hatuna dawa ya kuondoa sumu. Kwa heroini au tramadoli ipo naloksoni, na kila hospitali inapaswa kuwa nayo. Kwa jamii ya diazepamu ipo flumazenili, lakini wenye ujuzi huishika kwa hadhari, kwani kwa mwenye kifafa au aliyechanganya dawa inaweza kuleta degedege baya kuliko usingizi wenyewe. Kwa babitureti kama fenobabitoni hakuna kabisa. Kuna mkaa wa dawa, kuna kusafisha damu kwa mashine kwa aliyezidiwa mno, lakini hivyo vyote vinakaa juu ya uangalizi. Bila uangalizi havina pa kukaa.

Na uangalizi wenyewe ni kazi ndefu, ya kuchosha, isiyopigwa picha. Kwanza sukari ya damu, tone moja tu, maana si kila aliyezimia ni vidonge, na sukari ikishuka huua haraka. Kisha oksijeni ipimwe kidoleni. Kisha ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachubuka na misuli iliyolaliwa inapondeka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, figo zinaziba, na mtu aliyeshinda vidonge anauawa na godoro. Macho yafumbwe yasikauke. Mdomo usafishwe. Mkojo upimwe. Fenobabitoni haina haraka: nusu yake peke yake huweza kuchukua siku tatu au nne kutoka mwilini. Hiyo ni kazi ya siku nyingi kwa mtu asiyeweza hata kukushukuru.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo unapotakiwa kung'ang'ania. Aliyezama sana kwa babitureti anaweza kuonekana kama maiti. Umfinye hasituki. Mwili baridi. Hata kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kuchora mstari ulionyooka. Na akaamka! Ndiyo maana madaktari hufundishwa wasitamke kwamba ubongo umekufa wakati dawa hizo zingali mwilini. Sisi siku ya pili tumeshaita shehe au padri, na mjomba anauliza bei ya gari la kusafirisha mwili.

Kuna sentensi nyingine inayonitoa machozi ya hasira. "Si alitaka kufa mwenyewe? Tunahangaika naye wa nini?" Nimeisikia kwenye korido, imetoka kwa mtu aliyevaa sare nyeupe. Nani alimpa kiti cha hakimu? Walio wengi kati ya wanaonusurika baada ya kujaribu kujiua hawaishii kufa kwa kujiua. Wanarudi kazini, wanalea watoto. Wapo unaopanda nao daladala kila asubuhi. Akifumbua macho anahitaji mtu wa kumuuliza taratibu kilichomsibu na kumuunganisha na wahudumu wa afya ya akili kabla hajapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Askari aliyekaa pembeni na pingu si tiba ya yeyote.

Wataniambia mambo yanakwenda vizuri. Baadhi yanakwenda, nakiri. Muhimbili ina idara ya tiba ya dharura tangu 2010, ya kwanza ya aina yake nchini, na imezalisha mabingwa. Lakini vidonge havichagui kumezwa Upanga, jirani na Muhimbili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura, ya siku chache tu, inayoanza na njia ya hewa kabla ya kitu kingine chochote. Ilijaribiwa Uganda, Zambia na hapahapa Tanzania. Hapahapa! Uliza katika hospitali yako ya wilaya ni wangapi wa zamu ya usiku wameipitia.

Tena uliza kwa sauti. Mbunge akija na mkasi kukata utepe wa jengo jipya la ICU, mwache apige picha zake, kisha mwulize. Mashine ya kufyonza makohozi inafanya kazi, au imefunikwa kitambaa? Mtungi una oksijeni leo, saa hii? Muuguzi wa usiku anaangalia vitanda vingapi? Mama wa mgonjwa asiyejitambua ataruhusiwa kubaki naye, na kuna atakayemfundisha kumgeuza na kuhesabu pumzi? Akikujibu kwamba mchakato unaendelea, mshike mkono umpeleke wodi ya zamani, umfunulie chati kitanda kwa kitanda, akahesabu mwenyewe zile 20 ni ngapi.